Sauti Yako Kwenye Simu ya Mama

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini sijawahi kuanza maneno na wewe bila salamu, na sitaanza leo.

Nakuandikia kwa sababu naogopa. Unanijua, mimi ni yule wa kukimbia mjusi bafuni na kuacha ndoo, wewe unacheka mpaka unashika mbavu. Nilikuwa nakujibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Safari hii hata wewe usingecheka. Juma lililopita tembo walitoka hifadhini Mikumi wakaingia shamba letu la Kisanga mchana kweupe, na mama alikuwa amesimama katikati ya mahindi kama anasubiri wageni. Jirani yetu, Mama Neema, ndiye aliyemvuta mkono wakakimbia.

Nilipomuuliza mama, alisema, "Simu haikulia."

Simu yenyewe ni ile yako uliyomwachia, yenye app uliyoitengeneza ili anayeona tembo abonyeze mara moja na simu za majirani wote zilie. Za wengine uliziwekea king'ora. Ya mama uliiwekea sauti yako, ukidai king'ora atakidhania ni honi ya muuza samaki. Uliirekodi chumbani kwangu hapa Kilosa, ukarudia na kurudia kwa sababu jogoo wa mwenye nyumba alikuingilia na mimi nilishindwa kujizuia kucheka. "Nyamaza basi, we!" ukanikaripia, kisha ukalainisha koo: "Mama, tembo hao. Acha jembe, ondoka sasa hivi."

Tangu tukuzike, app naitunza mimi. Mwezi uliopita niliisasisha nikagusa mistari yako michache ya programu. Kwa hiyo mama aliposema simu haikulia, nilijiona nimekaribia kumuua mama kwa vidole vyangu.

Nikaichukua simu nikarudi nayo Kilosa. Laptop yangu ni ya ofisi, Windows yake haturuhusiwi kuigusa, ndiyo maana uliniwekea Linux kwenye kompyuta pepe, kompyuta inayoishi ndani ya nyingine kama mpangaji. Ulinionya kuwa simu ukiichomeka hupokelewa na mwenye nyumba, yaani Windows, mpangaji asijue kitu, mpaka uende kwenye menyu umkabidhi. Nilisahau. Kwanza nilitumia waya wa kuchajia tu, usiopitisha data, nikahangaika nao bure. Nilipopata waya wa kweli na kuikabidhi simu, ikaniuliza kwenye kioo kama naruhusu kompyuta hii iingie. Ulipenda kusema simu ina adabu kuliko watu, mgeni lazima apige hodi na asubiri karibu. Niliogopa kubonyeza, kaka, maana ningejua kama kosa ni langu.

Nikabonyeza. Nikatuma tahadhari ya majaribio, na sauti yako ikajaa chumba kizima. Nililia. Halafu nikafungua kumbukumbu za app, inapoandika kila tukio, nikaitafuta siku ile ya tembo. Tahadhari ilikuwa imefika. Sauti ilikuwa imechezwa hadi mwisho. Kisha mtu alikuwa amebonyeza "sikiliza tena", ikachezwa tena, na tena, na tena.

Hapakuwa na hitilafu. Ningepaswa kushusha pumzi, lakini hapo ndipo hofu yenyewe iliponishika.

Kesho yake nikapanda gari la Mikumi hadi kwa mama. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Imepona?"

"Haikuwa mbovu, mama. Ililia."

Hakunitazama. Punje ziliendelea kudondoka kwenye ungo. Mwishowe akasema, "Sasa yule akiniita, nitaondokaje? Nasimama nimsikilize."

Ningemwambia nini mama, kaka? Kwamba mwanawe anayemwita amekufa, na tembo ndio walio hai?

Nilimwambia sauti yako nitaihamishia mahali pengine kwenye simu hiyo hiyo, awe anaisikiliza akiwa amekaa nyumbani, na kwenye tahadhari nitaweka yangu. "Weka," akasema. Nikarekodi palepale, mbele yake, mara moja tu. Ilitoka nyembamba, imekatika katikati, nikaona aibu nikataka kurudia.

Mama akanizuia mkono. Akaichukua simu, akaisikiliza akiwa ameiweka sikioni.

"Acha hivyo hivyo," akasema. "Kwa huyu nitakimbia. Huyu anaogopa kweli."

Pumzika, kaka. Mama nitamwita mimi.

Mdogo wako