Glavu ya Kushoto

Oslo, Ijumaa, 16 Februari

Mdogo wangu Sjur,

Salamu za dada yako zikukute huko Tromsø ukiwa na afya, na jua liwe limeanza kuchungulia juu ya milima yenu. Kile kikohozi kimepona? Mama naye alikuwa akiuliza, ingawa kwa mdomo wa kulazimisha, na sababu yake utaiona humu. Sisi huku hatujambo. Theluji imerudi, mgongo wangu unalalamika, paka amenenepa. Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata pa kukimbilia. Na hicho kifurushi kidogo kilichoivimbisha bahasha, nakuomba usikifungue mpaka umalize kusoma.

Mambo yalianza na Mama. Tangu Oktoba, kila Alhamisi saa nane mchana, alikuwa akivaa sweta lake la sikukuu, anajaza mikate ya mdalasini kwenye kopo la bati, na kuondoka. Alisema anakwenda kwenye kikundi cha kufuma cha kanisani. Sikuwa na neno, mpaka wiki iliyopita nilipokutana dukani na Randi, yule mpiga kinanda wa kanisa letu. Nikamwuliza kikundi kinaendeleaje. Akanitazama kama niliyemwulizia marehemu. "Kikundi gani, mwanangu? Tulikifunga tangu kiangazi. Tulibaki wawili, na mmoja haoni."

Wewe unanijua, jambo likiniingia kichwani silali. Mama yetu, aliyetufundisha kwamba njia ya mwongo ni fupi, anadanganya! Jioni ile nilimtania, nikamwuliza kama hicho kikundi kimemletea mchumba. Akacheka, akasema kwa umri wake atamtaka labda anayekoroma kwa adabu. Nikaona kabisa kwamba hakukana. Nikaanza kuwaza mzee tapeli, dini mpya, ugonjwa anaotuficha. Nilinusa hata koti lake, Sjur, na naona aibu kuliandika hilo.

Basi jana nikamfuata. Yeye alipanda behewa la mbele, mimi la nyuma, kofia nimeivuta mpaka kwenye nyusi. Watu walipungua kadiri treni ilivyopanda mlima, na kituo cha Furubakken tulishuka watatu tu: Mama, mwanamume mwenye mbao ndefu za skii begani, na mimi nyuma ya skii zake. Treni ilipoondoka pakawa kimya, hata nikaogopa viatu vyangu visije vikanisema. Mama alifuata njia ya changarawe, akakata kona penye nyumba ya njano. Nilipofika pale, hayupo.

Nikarudi stesheni kumvizia, maana lazima angerudi njia hiyo. Ni banda la mbao, benchi na uzio, basi. Lakini kila kitu kilinitia shaka. Pazia la nyumba ya njano lilitikisika mara mbili. Mzee mwenye mbwa alipita, akapita tena, na mara ya tatu akasimama. "Zimepita treni tatu, mama. Wewe unangoja ya rangi gani?" Nikamjibu nangoja mtu. "Haya. Ila hata mbwa wangu amekushuku, na huyu hashuku hata mwizi." Akaenda zake, akigeuka geuka.

Ndipo nikaiona. Juu ya nguzo ya uzio, kama tufanyavyo sote tukiokota kilichodondoka ili mwenyewe akione, mtu alikuwa ameivisha nguzo glavu ya sufu, ya mtoto, ya mkono wa kushoto, nyeusi na nyeupe yenye nyota. Za namna hiyo zimejaa nchi nzima. Lakini nilipokunja ukingo, ndani yake nikakuta mstari mmoja wa kijani. Hakuna afumaye hivyo ila Mama, kwa sababu Bibi aliishiwa uzi mweupe wakati wa vita, akaona uvivu kufumua, akamalizia kwa kijani, na Mama akaiga. Mimi na wewe tumevaa kijani hicho utoto mzima.

Hapo nikafanya jambo ambalo hata mlevi wa mji huu halifanyi. Niliivua ile glavu nguzoni nikaitia mfukoni. Nilijiambia ni ushahidi.

Haukupita muda, Mama akatokea ameshikana mikono na msichana wa miaka sita hivi, vidole vyake vya kushoto vimejificha ndani ya mkono wa koti. Nikajibanza nyuma ya banda. Mtoto alikimbilia nguzoni moja kwa moja. "Bibi, haipo! Asubuhi niliiona kwenye dirisha la treni tukienda makumbusho na mwalimu!" Mama akasema labda ni upepo. "Upepo haujui kuvua glavu, Bibi. Imeibwa. Lakini nani anaiba glavu moja?" Akavua kofia ajikune, na masikio yakachomoza. Masikio yako, Sjur, yale yale yaliyokufanya uitwe Sufuria shuleni. Nyuma yao akaja mwanamke akivuta kigari cha kutelezea thelujini. Alikuwa Guro, yule Guro wako wa zamani.

Sikujitokeza. Nilirudi na treni iliyofuata. Jioni Mama akaweka vijiko mezani na kusema, bila kuniangalia, "Siku nyingine ukinifuata, vaa kofia ambayo sikuifuma mimi." Kisha akanieleza yote. Oktoba alikwenda kwenye gulio la shule moja huko, akayaona masikio yale, akamtafuta mama mtu. Guro alilia, akamruhusu kuja Alhamisi, kwa kiapo kwamba hatakuambia, kwa kuwa ulimkataa akiwa mjamzito. Mimi nilifichwa kwa sababu mdomo wangu, anasema Mama, hauna kufuli. Ndiyo maana Krismasi alikujibu kwa mkato. Amekuwa akikulilia na kukukasirikia kwa pamoja.

Sjur, wewe hukumkataa mtu. Ni mimi.

Mwaka ule ulipoanza kazi kwenye meli za uvuvi na simu yako haishiki, Guro alikuja mlangoni. Mama alikuwa hospitali na nyonga yake. Aliomba namna ya kukupata. Nililiona tumbo. Nikashuku kwamba mtoto si wako, kwamba anataka kukufunga miguu wakati ndio kwanza umesimama. Nikamwambia una mtu wako huko Tromsø, na umesema asikutafute. Aliuliza mara moja tu, "Sjur amesema hivyo?" Nikasema ndiyo. Akanishukuru. Nakuapia, alinishukuru, akashuka ngazi akishikilia ukuta. Baadaye akabadili namba. Nawe uliporudi likizo ukaniuliza, si mara moja wala mbili, kama Guro alipita, mimi nikakumiminia kahawa na kusema hapana. Huu mdomo usio na kufuli umetunza siri moja kwa miaka saba, na ni hiyo.

Leo asubuhi nimemwambia Mama. Aliweka sindano chini, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Guro bado hajui. Ukitaka nitangulie kumpigia magoti, nitakwenda. Ukitaka nisimkaribie, nitakaa. Nilikupenda vibaya, ndugu yangu, na najuta. Mtoto anaitwa Ylva. Mwezi wa Mei anatimiza miaka saba.

Sasa fungua kifurushi. Ningeweza kuirudisha nguzoni, lakini nimeona ipelekwe na baba yake. Kuna baridi, na mkono wake wa kushoto uko wazi, kwa hiyo usichelewe. Mama hushuka Furubakken Alhamisi saa tisa kasorobo. Ylva atakuuliza tena nani anaiba glavu moja. Mwambie ni shangazi yake.

Wasalimie wenzako wa melini, na ujifunike vizuri kifua.

Ni mimi dada yako, ukinitaka bado,
Torunn