Mpira wa Salfa

Mjukuu wangu Kabula,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Bibi yako hajambo, pamba tumevuna, nami bado situlii mahali pamoja. Barua hii naiandika nimesimama.

Unauliza kama seleni, ile elementi ya somo lenu la kemia, ikiwa nyekundu kisha ikageuka ya kijivu, bado ni ile ile. Hiyo siijui. Naijua ndugu yake, salfa.

Ujanani nilitamani dhahabu ya Geita, lakini tairi la baiskeli yangu lilikuwa na tundu. Nikachukua salfa ambayo baba aliwapaka mbuzi wenye upele, nikaiyeyusha mpaka ikawa nyekundu iliyoiva, nikaimwaga ndani ya maji baridi. Ikawa laini, inavutika kama mpira. Nikaziba tundu kwa ndani, nikaondoka Shinyanga bila kuaga.

Kabla ya kufika Kahama ule mpira ulishakuwa salfa tena, ya njano na ngumu. Ukavunjika, ukachana tyubu. Nikarudi nikisukuma baiskeli.

Baba alikinusa kipande. “Ungesubiri siku mbili,” akasema, “ungeona yenyewe inarudi.”

Mama yako anasema unaogopa kuja likizo kwa kuwa umebadilika. Njoo. Siku ile nilifika mwekundu kwa vumbi, na mbwa wetu hakubweka.

Babu yako