Swichi ya Sabini na Tano

Kaka, nakuandikia kutoka hospitalini. Usinipigie, soma tu.

Si unajua daktari alitaka skrini ya pili chumba cha upasuaji, ili wanafunzi waone anachofanya tumboni mwa mgonjwa? Jana nikaigawa waya ya kamera. Nikajaribu skrini moja moja, nyingine nimeichomoa. Picha safi kabisa. Nikajiona fundi!

Leo zimechomekwa zote mbili. Mgonjwa amelala, kamera iko ndani, mimi niko ukutani na wanafunzi nasubiri kusifiwa.

Picha ikafifia. Ikawa kivuli. Daktari akaganda, mkasi uko ndani ya tumbo la mtu na haoni kitu.

"Nani amegusa picha yangu?"

Hakupaza hata sauti. Hicho ndicho kilichonimaliza. "Nani amegusa picha yangu?"

Ile swichi ya omu sabini na tano nyuma ya skrini, kaka! Ulinionya wewe mwenyewe, iwashwe kwenye skrini ya mwisho tu. Nimeziacha zote mbili zimewashwa, zinanyonya nguvu ya picha kwenye waya moja. Nikapiga magoti, nikazima moja, picha ikarudi. Daktari akashusha pumzi, akaendelea. Mgonjwa mzima.

Natoka nje najifuta jasho, ndipo nikakumbuka. Asubuhi nimefunga skrini mbili hivyo hivyo chumba cha pili cha upasuaji.

Nimekimbia. Taa nyekundu ya mlangoni inawaka, wameshaanza. Nagonga, hawafungui.

Ngoja, nesi anachungulia.

"Fundi, daktari wetu anauliza nani amegusa picha yake."