Kigari cha Chilewa na Vyungu Vyangu

Jumatano. Upepo tangu alfajiri, ule wa baada ya mavuno, unaobeba makapi ya uwele na kuyatia watu machoni. Baridi. Sina hasira wala furaha. Naandika kwa sababu jambo la leo nikiliacha hadi kesho nitaligeuza linipendeze. Najijua.

Mjukuu wangu Chilewa hatembei.

Alizaliwa mvua za mwaka jana zikikaribia kuisha. Wenzake wa rika lake wanafukuza kuku. Yeye bado.

Wewe daftari hukijui kigari, basi nikueleze. Mwanangu Malogo ni seremala kule stesheni, anawatengenezea Wadachi milango na vitanda. Kwa Bwana mmoja aliona mtoto amesimamishwa ndani ya duara la mbao lenye miguu minne, na kila mguu una gurudumu. Mtoto anasukuma kwa miguu, anazunguka nyumba nzima na hamsumbui mtu. Malogo akaja nyumbani, akachonga cha kwake kwa mninga, akalainisha kingo zote zisimkwaruze mwanawe. Kazi nzuri. Mimi ni mfinyanzi, kazi nzuri naijua hata kama siipendi.

Siku ya kwanza nilikicheka. Nilimwambia, "Sisi tumekua bila magurudumu, na hakuna aliyebaki amekaa." Akajibu, "Mama, hata reli mliikataa, sasa mnapanda." Mtu akikupiga kwa ukweli, nyamaza.

Kilichotokea leo ni hiki. Bibi Sechelela, jirani yangu, alikuja na mjukuu wake wa kike. Huyo alizaliwa uwele ukiwa umeshakatwa, kwa hiyo Chilewa ni kaka yake kabisa. Alishushwa mgongoni mlangoni pa tembe, akaingia kwa miguu yake, akanyakua kipande cha boga langu, akatoka nacho. Chilewa tulipomtoa kwenye kigari ili awaamkie wageni, alisimama kwa vidole kama mbuzi anayefikia jani la juu. Visigino hewani. Kisha akaanguka.

Sechelela hajui kuficha neno. "Haya! Garimoshi lenu limekosa reli!"

Akacheka. Mkwe wangu Nyemo, mama yake Chilewa, alikuwa ametoka kwenye uwanja wa kupuria, vumbi mpaka kwenye kope. Naye alitaka kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

Mimi nilifanya nini? Nikamgeukia Nyemo. Nikasema, na mgeni anasikia, "Mwanamke mvivu huyu! Kutwa mtoto kwenye mbao kama kuku kwenye tenga! Miguu itatoka wapi?"

Nyemo akasema, "Ndiyo, Mama." Akamchukua mtoto akamfuta pua.

Angeweza kusema lingine.

Kutwa Nyemo yuko uwanjani anapura. Anatoka kabla jua halijapanda, anarudi kumnyonyesha, anaondoka tena. Mtoto anabaki na mimi. Anayemtia kwenye kigari ni mimi.

Nimeliandika. Sasa nieleze ilivyokuwa, maana mimi si mchawi.

Kabla ya kigari Chilewa alikuwa akitambaa. Alitambaa vizuri sana, hadi kwenye vyungu vyangu vibichi, akavunja viwili kwa asubuhi moja, akakaa katikati ya vigae anapiga makofi. Na mwaka huu jiko la stesheni linataka vyungu vya Bibi mfinyanzi, vikubwa, si vya mtu mwingine. Nilijisikia. Mikono ikiwa na udongo huwezi kumkamata mtoto, na chungu kikubwa hakisubiri, ukikiacha kinapasuka shingoni. Basi nikajaribu kigari siku moja. Mtoto akatulia, chungu kikasimama. Siku ya pili nikamtia mapema zaidi. Baadaye ikawa anaingia akimaliza uji, anatoka kivuli cha nyumba kikifika kwenye kinu. Kitu nilichokicheka nikawa sikiachi.

Sechelela alipoondoka na Nyemo kurudi kwenye nafaka, niliitazama sakafu yangu. Upepo ulikuwa umemwaga vumbi jembamba ndani. Michirizi ya magurudumu ilikuwa minne minne, inayumba. Katikati yake nyayo za Chilewa. Vidole, vidole, vidole. Kisigino hata kimoja hakuna.

Mimi husoma udongo vizuri kuliko ninavyosoma kitabu. Misheni walinifundisha herufi nikiwa nimeshazeeka, udongo ulinifundisha nikiwa msichana. Ule ubao unaopita katikati ya mapaja unambeba kinenani, kwa hiyo miguu haibebi kitu, inakwangua tu. Kwa Mdachi sakafu ni ya mbao, gurudumu linateleza. Kwetu ni udongo na samadi, linakwama, mtoto anasukuma kwa ncha ya kidole mpaka liende. Malogo alinakili kigari, sakafu hakuinakili. Lakini hata sakafu ingekuwa kioo, mtoto wa kutwa nzima ndani ya duara atajifunzia wapi kuanguka? Anayetembea ni yule aliyekwisha kuanguka sana.

Malogo aliporudi nilimwambia hivyo. Yeye mbishi, amenirithi. Akasema, "Mama, na shimo ulilonichimbia mimi? Si kigari hicho bila magurudumu?"

Kweli nilimchimbia. Wote tulichimbiwa, kishimo kando ya ukuta, mtoto anakalishwa humo na ngozi ya mbuzi ili mgongo ukaze. Nilifikiri kabla ya kumjibu, jambo ambalo silifanyi mara nyingi. Nikamwambia shimo lilikuwa la kina kidogo na la muda mfupi, makusudi. Nilimtia humo nikisonga ugali, ugali ukiiva anatolewa. Na siku alipopata nguvu alipanda ukingo akatoka mwenyewe, tukajua amekomaa, tukalifukia. Kigari hakina ukingo wa kupanda. Hakuna siku mtoto anatoka mwenyewe.

Malogo akakigeuza kigari chake chini juu, akakitazama. "Sasa nikivunje?"

"Usivunje mninga," nikasema. "Nitaanikia vyungu."

Hakuuliza ni nani aliyekuwa akimtia mtoto. Sidhani kwamba hajui.

Kabla jua halijazama nilikuwa na udongo uliobaki, uliokandwa, tayari kwa chungu cha mwisho cha stesheni. Nikautandaza chini wote. Nikamsimamisha Chilewa juu yake, nikamshika vidole viwili tu vya kila mkono. Alilia. Alinyoosha mikono kwenye kigari kama mtu anayeita ndugu yake. Nikamwacha alie. Akapanda kwa vidole, akayumba, akakaa matako ndani ya udongo. Nikamwinua. Akakaa tena. Sikuhesabu ni mara ngapi. Mwishowe alichoka kusimama juu juu, akajiachia akashuka, na udongo ukapokea.

Nilimwondoa nikainama kutazama. Mguu wa kushoto, vidole tu. Mguu wa kulia, vidole, na nyuma yake alama ndogo ya duara, haina kina hata cha ukucha.

Ni kisigino.

Sisemi atatembea. Sijui. Ikiwa nimemharibu, nimemharibu mimi, si Nyemo wala Wadachi.

Limebaki moja, nalo ni gumu kuliko mtoto. Kwetu neno baya lililosemwa mbele ya mtu halirudishwi jikoni kwa kunong'ona, hurudishwa mbele ya mtu yuleyule. Ningependa kumpa Nyemo chungu kizuri na kunyamaza, naye angekipokea. Lakini Sechelela alisikia "mvivu", na Sechelela akisikia, kijiji chote kimesikia.

Kesho sifinyangi. Jiko la stesheni litapikia vyungu lilivyo navyo. Nitamfunga Chilewa mgongoni mpaka uwanja wa kupuria, Sechelela atakuwepo, hakosi. Nitamshusha mtoto chini kwenye makapi, mbele yao wote, nami nitasema nani alikuwa mvivu.

Sechelela atacheka. Na acheke.