Abdi Alizima TV kwa Sababu ya Goti la Mwingereza

Jumanne usiku

Mimi nilisema tu yule mzee wa timu ya kriketi ya Uingereza anayerusha mpira asipangwe kwa mechi ya mwisho na India. Goti limekwisha, anakimbia kama ngamia anayeshushwa kwa lori. Dukani wakacheka wote.

Nilisahau Abdi mwenye duka naye ana goti bovu. Akainuka na fimbo yake, akazima TV. "Mzee Kirimi, kesho usije hapa."

Na katika mtaa wetu wote wa Bulla Pesa hakuna TV nyingine ya kuonyesha kriketi. Nimefuata mashindano haya tangu mechi ya kwanza, mpaka mke wangu anafikiri nimepata kazi. Ugali wa jioni niliuacha nusu.

Abdi alipotoka msikitini nikamfuata dukani.

"Nimefikiria, Abdi. Apangwe."

"Usiniambie mimi. Ambia wenye kuchagua timu."

"Hao si wako Uingereza?"

Akawasha TV, akanionyesha kwa fimbo. Nikavua kofia, nikaiambia TV goti la mzee liheshimiwe. Kwenye TV kulikuwa na tangazo la sabuni. Yule mama wa sabuni akatabasamu.

"Amekubali," Abdi akasema, akanisogezea kiti.

Sasa kuanzia kesho lazima nimshangilie yule ngamia siku tano, maana mechi moja ya hawa huchezwa siku zote hizo.