Profesa wa Panya Yuko Mlangoni Pako

Mtaa wa Mendoza,
Rosario.
Ijumaa, 28 Mei 1976

Mpendwa Shangazi Delfina,

Nakuamkia kwa heshima, na kabla ya yote nauliza hali yako. Goti bado linakusumbua kwenye baridi ya Porto Alegre? Na binamu yangu Mirtha, ameshazoea kusoma kwa Kireno? Sisi huku ni wazima wa mwili. Mama anakohoa kidogo lakini hajalala kitandani. Bibi anakula vizuri na kulalamika vizuri zaidi.

Barua hii sikuipeleka posta, na utaelewa kwa nini. Aliyekukabidhi ni Profesa Leandro Fumagalli. Najua hamjasalimiana miaka sita, tangu aseme mbele ya wanafunzi kwamba kochi lako la wagonjwa linafaa kulalia paka, nawe ukamjibu kwamba hata panya wake wanamwonea huruma. Nakuomba umpe kiti, usimfukuze kabla hujasoma mpaka mwisho. Akirudi huku atakamatwa, na kosa ni langu.

Tangu jeshi lishike nchi mwezi wa Machi, kitivo chetu cha saikolojia kimewekewa msimamizi, luteni kijana mwenye miwani na sauti ya upole. Upole huo ndio unaonitisha. Wahadhiri wawili hawajaonekana tangu Pasaka, na hakuna anayetaja majina yao kwenye korido. Jumatatu luteni alikuja maktaba, akataka orodha ya wahadhiri waliobaki, kila mmoja na dhehebu lake la saikolojia.

Wewe ndiye uliyenifundisha kupanga kadi za maktaba nilipoajiriwa ukarani. Ulisema nizipange kama ukoo, kila dhehebu chini ya baba yake. Yule Mjerumani wa Leipzig aliyepima fikra kwa saa. Mzee wa Vienna na ndoto zake. Wale Wajerumani wengine wanaosema jicho huona kitu kizima kabla ya vipande vyake. Na Mrusi wa mbwa wanaodondokwa udenda wakisikia kengele, na chini yake wajukuu zake wa Amerika, watu wa panya na vizimba. Ni ukoo sahihi. Basi nikapiga taipu kama kadi zilivyosema. Fumagalli, Leandro: wa Mrusi. Hakuwapo mwingine chini ya jina hilo.

Shangazi, mtu huyu huenda misa kila Jumapili, na hajawahi kutia sahihi waraka wowote, hata ule wa kudai chaki. Lakini siku hizi neno Urusi lina maana moja tu kwa wakubwa hawa: ukomunisti. Kidole cha luteni kilishuka taratibu kwenye orodha, kikasimama kwake. "Huyu anapokea barua kutoka Moscow?" Nikasema sijui. Nilipaswa kusema hapana. Siku nne sasa najilaumu kwa jibu lile.

Alisema hiyo ni rasimu tu. Alhamisi atakuja kuilinganisha na kadi.

Jumanne nikafunga mlango, nikamfuta Mrusi kwenye kadi, ili rasimu ndiyo ionekane imekosea. Wajukuu zake wote nikawaandikia kadi mpya chini ya baba Mmarekani. Bi. Ercilia, mkuu wa maktaba, alinikuta sakafuni katikati ya droo. Nilidhani nimekwisha. Akavuta kiti.

"Kadi mpya nyeupe hivi, mwanangu? Hata kipofu ataziona. Lete birika."

Tukazipaka chai ya yerba iliyopoa, moja moja, tukazianika juu ya hita.

Alhamisi luteni alikuja na kumwita profesa naye aketi asikilize. Alivuta droo, akaniambia nimweleze historia ya elimu hii kama ninavyoweza kumweleza mtoto wa shule. Nikaeleza. Leipzig, Vienna, Amerika. Alinikatiza mara moja tu.

"Na yupi kati yao anamwamini Mungu?"

Nikasema jibu hilo liko droo za falsafa, ghorofa ya pili. Akacheka kidogo. Nikaanza kupata pumzi.

"Na mbwa? Chuo cha maafisa walitufundisha habari za mbwa."

"Mbwa wale ni wa Amerika, afande."

Nilikuwa nimemsahau mtu aliyekaa nyuma yangu. Unawajua wasomi wetu, Shangazi. Atanyamazia mishahara, atanyamazia hata bunduki mlangoni, lakini si kosa kwenye somo lake. Profesa alisimama.

"Amerika ya wapi, wewe kijana? Nani kakufundisha upuuzi huu?"

"Profesa, kaa tafadhali."

"Sikai. Bila yule Mrusi mimi ni mfuga panya tu. Bwana Luteni, andika hivyo."

Bi. Ercilia akamvuta koti. "Leandro, funga mdomo."

"Niufunge kwa nini? Ni sayansi hiyo, Ercilia, si siri ya mtu."

Luteni akaandika. Kisha akachukua kadi moja, akaigeuza, akainusa. Akauliza nani amezipanga. Bi. Ercilia akasema ni yeye, kwa miaka thelathini na moja, na kama zinanuka yerba ni kwa sababu yeye hunywa kazini na hana mpango wa kuacha.  Luteni alinitazama mimi, akasema anaitaka orodha ile ya kwanza, yenye sahihi yangu, mezani kwake Jumatatu saa mbili asubuhi.

Alipoondoka, profesa alikaa kwenye ngazi, na hapo ndipo alipoelewa kwamba tulikuwa tunamficha. Hakunilaumu. Aliuliza tu nani atawalisha panya. Nimekubali kuwalisha.

Basi linaondoka kesho mchana. Akivuka salama daraja la mpakani la Paso de los Libres, Jumapili atakuwa kwako. Hana mtu mwingine huko Brazili. Nimemwambia mpakani aseme anakwenda kwa dada yake. Unisamehe kwa udugu huo. Mama analia niondoke pamoja na profesa, lakini kesho nina zamu. Meza yangu ikiwa tupu, luteni atapiga simu mpakani kabla basi halijafika.

Jumatatu nitaipeleka orodha. Jina lake litakuwa chini ya Mrusi, kama wewe ulivyonifundisha na kama yeye alivyodai. Kila neno litakuwa la kweli, nami nitatia sahihi. 

Msalimie sana Mirtha, na mumeo Osvaldo. Mama na Bibi wanakusalimu, na mfuko wa jemu aliobeba profesa ni wao. Mungu akulinde wewe na wote walio chini ya paa lako, nami anijalie usingizi.

Usiniandikie jina lake. Nitumie postikadi ya kawaida, useme tu kwamba mgeni wako ni mbishi na mmeshaanza kugombana. Nikiisoma nitajua amefika.

Ni mimi nikupendaye, mtoto wa kaka yako,
Eliseo