Nyanya za Wazee na Posa ya Veneranda

Morogoro,
Jumapili, baada ya misa

Baba mpendwa,

Shikamoo. Na Mama umpelekee shikamoo yake hukohuko jikoni kabla hujaendelea kusoma, maana najua atauliza kama nimemsahau. Mimi ni mzima na nimenenepa kidogo. Tukipanda milimani wenzangu wanatetemeka kwa baridi, mimi nawacheka, nimezaliwa Umatengo. Kikohozi chako kimeachia? Na kahawa, imechanua vizuri mwaka huu?

Barua yako imefika. Unasema yule mwalimu anayemtaka Veneranda ameleta barua ya posa, nawe umeifungia kabatini bila kuijibu, kwa sababu mimi dada yake sijaolewa na mkubwa harukwi. Wazazi wa kijana watangoja hadi mavuno, baada ya hapo watapeleka posa kwingine. Kwa hiyo unanitaka nifanye haraka nilete mtu. Baba, mtu hachumwi kama kahawa! Nilitaka kujibu siku ileile kwa hasira, kisha nikaona bora nikusimulie kwanza jambo la kazini.

Unajua nafanya kazi ya kompyuta kwenye umoja wa wakulima wa mboga. Tangu biashara iachiwe huru, walanguzi wa jana leo wanaitwa wafanyabiashara, na malori yao yanapanda hadi mashambani kununua kwa bei wanayoitaka wao. Ndiyo maana wakulima wa milimani na wa Mlali wakaungana, wakakodi lori lao la kupeleka mboga Dar es Salaam, na wafadhili wakatupa kompyuta. Mizigo ya milimani naijaza kwenye jedwali lake, ya Mlali kwenye jedwali lake. Siku ya safari nayahamishia yote mawili kwenye jedwali la tatu, na kila mzigo unapata namba kwa jinsi ulivyoingia. Namba hiyo inaandikwa kwenye tenga au gunia, na wapakiaji wanaifuata.

Sasa kompyuta haijui nani aanze. Usipoiambia, inapanga inavyojua yenyewe. Nikamuuliza katibu wetu, Bwana Kobelo, mizigo niipange vipi. Akajibu bila hata kuinua macho, "Wazee watangulie, binti. Huku kwetu Uluguru mtu mzima harukwi."

Maneno yako hayohayo, Baba. Nikaipanga kwa umri wa mwenye mzigo, nikahamisha, wazee wakashika namba za mwanzo, na kila mtu akasifu. Lakini mzigo unaotangulia kupakiwa ndio unaokaa chini. Wazee wa milimani wengi wanalima nyanya, vijana wa Mlali wanalima kabichi. Lori lilipofika sokoni, matenga ya wazee yalikuwa yanachuruzika mchuzi.

Mzee Gaspari, mmoja wa waliopata hasara, akateremka kutoka mlimani kwa miguu, akaingia ofisini, akakataa kiti.

"Kobelo, heshima gani hii ya kulaliwa na kabichi?"

Katibu akaninyooshea kidole mimi na mashine yangu. "Ni kompyuta, Mzee. Imekosea."

Hapo damu ikanichemka, unanijua. Nikasema, "Samahani Bwana Katibu, haikukosea. Iliambiwa iheshimu umri, ikauheshimu. Ila nyanya haina umri, ina ganda laini."

Nilidhani nimefukuzwa kazi. Mzee Gaspari alicheka mpaka akakitafuta kile kiti mwenyewe. "Basi, mwanangu, mimi unitangulize kanisani. Kwenye lori niweke mwisho."

Katibu akataka nilipange upya jedwali la tatu palepale kwenye kioo cha kompyuta yaishe. Nikamweleza kwamba hapo macho tu ndiyo yatadanganyika, namba ikishatolewa imetolewa. Mpangilio unaagizwa kabla ya kuhamisha. Kwa safari iliyofuata nikaongeza safu ya ugumu wa zao, nikaiagiza kompyuta ianze na karoti na kabichi, imalizie na nyanya, ndipo nikahamisha. Matenga yamerudi makavu, na Bwana Kobelo anawaambia watu kwamba mpango huo aliubuni yeye. Namwacha afurahi.

Baba, sikufundishi, wewe ndiye uliyenisomesha. Nasema tu kwamba mkubwa kutangulia ni jambo jema pale linapomfaa mtu. Veneranda amempata mtu anayempenda, na heshima mnayonipa mimi ndiyo inayomlalia yeye. Inanilalia na mimi, maana mnanisukuma niolewe na yeyote ili foleni isogee. Wanaume wapo, hata hapa ofisini yupo mmoja anayekuja kila saa kuazima kalamu, na bado sijaamua kama nampenda yeye au nazihurumia kalamu zangu.

Sikufichi, niliposoma kwamba mdogo wangu ameposwa kabla yangu nililia. Kisha nikanawa uso. Wasemao watasema, na mkubwa ni jalala, nitayabeba. Ila siwezi kubeba machozi ya Veneranda akimwona mwalimu wake anaoa nyumba nyingine kwa sababu yangu. Itoe posa kabatini uijibu. Siku ya harusi nitakuja, nitacheza mbele ya shangazi zangu wote, na atakayeninong'ona atanikuta nimetoka jasho kwa furaha.

Nisalimie Bibi, umwambie miguu yangu bado ina nguvu za kupanda mlima. Msalimie Mjomba fundi seremala, aanze kutafuta mbao za kitanda cha maharusi, na mama yangu wa ubatizo, na kaka yangu mkaidi asiyejibu barua.

Najua utamwita Veneranda umsomee haya. Habari za lori aje azisikie kwa nafasi yake. Anza kumsomea hapa: mdogo wangu, tangulia.

Binti yako mkubwa,
Kordula